Vikombe Vinne vya Wodi ya Upasuaji

Kwenu niliowaachia jiko dogo: sufuria pana ya uji inavuja karibu na mkono wa kushoto. Chujio jipya linapitisha miba ya samaki na la zamani halipitishi, kwa hiyo msilitupe la zamani. Na yule anayeficha mchapo wa waya wa kukorogea kwenye droo ya vijiko, aache. Nilitaka kuyasema haya siku ya kuniaga, lakini mlinipa kipaza sauti kabla ya keki, na mtu akipewa kipaza sauti kabla ya keki huishia kushukuru tu. Sasa nipo nyumbani, nina daftari na muda, na hakuna wa kunipokonya maneno.

Vyeo sitavieleza. Niliingia mpishi, nikatoka mpishi; katikati walibadilisha jina la kazi kwenye karatasi mara kadhaa, na uji ukabaki uleule.

Kabla ya hospitali nilikuwa napika kwenye meli ya abiria, kati ya Mwanza na kwetu Ukerewe. Melini kipimo cha chakula kizuri ni abiria kuuliza kama kimebaki. Nikaja hospitalini, hapa Mwanza, na kiburi hicho. Siku ya kwanza nikapokelewa na Bi. Yustina, mtaalamu wa lishe, mzaliwa wa Majita, mwanamke mwembamba aliyefunga kikombe cha kupimia kwa kamba kiunoni kama refa na filimbi yake. Nilipika supu ya kuku. Akaja, akanusa.

"Umeweka chumvi kiasi gani?"

"Kiasi, dada."

"Kiasi gani?"

"Kiasi tu."

Akaichukua sufuria kwa mikono yake miwili, akaimwaga supu yote kwenye karo, akaniwekea sufuria tupu mbele. "Hapa hakuna kitu kinaitwa kiasi," akasema. "Anza upya." Nilianza upya mara tatu siku ile. Jioni nilikuwa nimeshajua kijiko cha chai kina ujazo gani, na nilikuwa nimeshaamua kurudi melini. Sikurudi kwa sababu kesho yake aliniletea sambusa, akasema ile supu ya tatu mgonjwa aliilamba hadi kijiko. Hivyo ndivyo alivyofundisha: anamwaga leo, analeta sambusa kesho.

Jiko dogo, kama mnavyojua, linawapikia wasioweza kula chakula cha jiko kubwa. Kati yao wapo waliopasuliwa kwa saratani ya tumbo. Kwa vijana walioajiriwa juzi nieleze kwa lugha ya sufuria: daktari anaondoa sehemu ya mfuko wa chakula, au mfuko wote, kisha anaunganisha kilichobaki na utumbo. Mtu anaishi na anakula. Ila chakula hakina tena mahali pa kungojea, kinateremka moja kwa moja. Anakula kidogo, anashiba kabla hajaonja, anapungua. Ndiyo maana anapewa lishe ya ziada, ule unga wa kopo unaokorogwa kwa maji.

Kwa miaka mingi unga ule ulitujia mtamu tu. Vanila, chokoleti, na stroberi. Hakuna mtu wodini aliyewahi kuiona stroberi yenyewe. Mgonjwa mmoja aliniuliza kama ni mnyama, na mimi, Mungu anisamehe, nilimwambia nitauliza. Kazi yangu ilikuwa kukoroga, kupeleka na kukusanya vikombe. Vikirudi vitupu, naweka alama kwenye fomu: amemaliza. Vilirudi vitupu karibu vyote, na mimi nilitembea kwenye korido zile kwa maringo.

Kiangazi kimoja, miaka michache kabla sijastaafu, wakaja sisimizi. Muuguzi mmoja alinifuata jikoni na kiatu mkononi. "Kaka Deo, wadudu wako wamefika kitanda cha nne."

"Wangu kivipi?"

"Wanapenda utamu. Nani mwingine ana utamu hapa?"

Nikatoka kuwafuatilia. Walikuwa msafara mrefu, wenye adabu, umepanda ukuta wa wodi ya wanaume kutokea kwenye kitalu cha maua chini ya dirisha. Na yale maua, jamani! Wakati bustani nzima imekauka, kipande kile kimestawi kama kimo kwenye kilimo cha umwagiliaji. Nikainama nichunguze udongo. Nikasikia kitu cha uvuguvugu kinanitiririka kichwani, kinashuka shingoni, kinaingia ndani ya sare. Nikalamba mdomo. Vanila.

Nikatazama juu. Dirishani alikuwapo Mzee Masanja, mfugaji wa Usagara, nje ya mji, aliyeondolewa mfuko wote wiki chache nyuma, ameshika kikombe changu kimeelekea chini.

Sasa mtu mzima ukikutana naye lazima umwamkie. "Shikamoo, mzee," nikasema, kinywaji kikinidondoka masikioni.

"Marahaba, Deo. Pole. Sikukuona."

"Unafanya nini, mzee?"

Akafikiri kidogo. "Namaliza kikombe."

Wodi nzima iliangua kicheko. Watu waliopasuliwa hawacheki kama sisi. Wanashika mito, wanaibana tumboni, wanacheka huku wanalia. "Msinichekeshe! Mshono!" alipiga kelele mmoja, na hilo likawachekesha zaidi. Kelele ikafika upande wa wanawake, ambao wanatumia veranda moja na wanaume, na akatokea Mwalimu Koku. Alikuwa mwalimu mstaafu kutoka Kagera, anakaa Mirongo, hapa mjini, naye ameondolewa sehemu kubwa ya mfuko. Akanitazama kuanzia kichwani hadi viatuni.

"Hata mimi huwa namwaga, baba," akasema. "Ila mimi namwaga kwenye sinki. Nina ustaarabu."

Nikapanda verandani, nikakaa kwenye benchi bila hata kujifuta. "Kwa nini?" nikawauliza. "Nawapimia vizuri, natumia maji safi. Kwa nini?"

Mzee Masanja alikuwa na Kiswahili chake cha Kisukuma, taratibu na chenye uzito. "Deo, ile kitu ina sukali kama ya halusi. Nikinywa, muda kidogo tu, jasho. Moyo unakimbia kama nimefukuza ndama. Tumbo linakata, macho yanaona giza, halafu choo. Nikimwaga dirishani, nakaa salama. Wewe ungefanyaje?"

"Na mimi hivyohivyo," akasema Mwalimu Koku, safari hii bila utani. "Nililala sakafuni bafuni siku moja. Nilidhani ndiyo nakufa."

"Mbona hamkusema?"

Akanijibu kama anamsahihisha mtoto wa darasa la tatu. "Hamkuuliza. Mnauliza kama tumemaliza."

Nilikwenda kwa Bi. Yustina nikiwa bado nanata. Nikamweleza yote. Alijua jambo lenyewe: kinywaji chenye sukali nyingi kikimiminika kwa kasi kwenye utumbo wa mtu asiye na mfuko, mwili unashtuka hivyo. Wagonjwa wote aliwaambia wanywe polepole. Ila fomu zilisema wanamaliza, wanaendelea vizuri, naye aliziamini fomu zangu.

"Deo," akasema mwishoni, "wewe umewahi kuonja?"

"Sijawahi. Labda leo, ule wa kichwani."

"Na mimi sijawahi." Akakoroga kikombe kizima, kwa kipimo, kama alivyotufundisha. Akanywa funda, akanipa na mimi funda. Uso wake ulijikunja polepole, kuanzia kidevuni. Mwanamke yule niliyemwogopa miaka yote ile akasema, "Mama yangu," akaanza kucheka. Alicheka hadi akakaa juu ya gunia la mchele. Nami nikakaa gunia la pili. Kila alipojaribu kusema, aliishia kwenye neno "amemaliza," kisha anaanza upya. "Tumewanenepesha sisimizi, Deo! Sisimizi wa hospitali hii wana afya!"

Kicheko kilikatika wiki ileile. Daktari wa upasuaji alimwita Mzee Masanja na mkewe, Mama Holo, akawaambia kwamba baada ya upasuaji inafuata dawa ya mishipani ya kuua mabaki ya saratani, lakini uzito wa mzee ulikuwa unashuka kila akipimwa. Ukishuka tena, dawa isingeanza, mwili usingeihimili. Watampima baada ya wiki mbili.

Mama Holo aliliondoa tatizo hilo kwa njia yake. Wiki moja baadaye palikuwa na kipimo cha kawaida, na mzee akapanda mizani amevaa koti. Muuguzi akashangaa: kilo zimeongezeka, tena nyingi. Kisha mzee akashuka, na koti likalia. Kengele! Mfukoni mwake mlikuwa na kengele ya ng'ombe, kubwa ya chuma, na kufuli la zizi, na jiwe la kunolea. Wodi ikabana mito tena. Hata muuguzi aligeukia ukutani, mabega yanamcheza.

Mama Holo hakucheka. Alikaa kitandani, akaficha uso kwenye kitenge. "Nataka aanze dawa," akasema. "Mimi sijui mizani. Nataka aanze dawa tu."

Bi. Yustina akaketi karibu naye, akamshika mkono. "Nipe hizi siku saba zilizobaki, mama. Lakini kengele iache nyumbani."

Akarudi jikoni, akafungua kamba kiunoni, akanikabidhi kile kikombe cha kupimia. Hakuwahi kunikabidhi. "Upo unga usio na sukali wala ladha," akasema. "Hatukuwahi kuuagiza, tulidhani wagonjwa wanapenda utamu. Mimi nitauagiza leo. Wewe umetoka melini, umepikia watu. Niambie watu wa ziwa hili wanapenda kunywa nini."

Unga ukaletwa jioni ileile, na ndugu zangu, nilipika kama kichaa. Tukaandaa vikombe vya aina nne na kuvifunga nyuzi za rangi. Uzi mwekundu: vanila ya zamani, iliyopunguzwa makali. Uzi wa bluu: mchuzi wa sato, bila mafuta, umechujwa mara mbili kwa chujio la zamani, na ule unga mpya ndani yake. Uzi mweupe: mtindi uliozimuliwa, na unga. Uzi wa kijani: uji mwembamba wa ulezi na karanga zilizosagwa laini, bila sukali. Na hili mliandike ukutani: unga ule haukorogwi kwenye kitu cha moto moja kwa moja, utapata mabonge. Anza na maji kidogo ya baridi, fanya rojo, ndipo umimine polepole huku unapiga mchapo. Uwe vuguvugu. Unywewe kwa mafunda madogo, nusu kikombe, mtu amekaa wima, na baada ya muda anarudia tena.

Tulipanga benchi verandani, saa nne asubuhi, wanaume upande huu na wanawake upande ule. Kila mgonjwa alipewa punje za mahindi za kupigia kura: funda moja la kila kikombe, apumzike, kisha aweke punje kwenye bakuli la rangi anayoipenda. Mwalimu Koku alijiteua msimamizi. Alivaa miwani, akashika rula, sijui aliitoa wapi.

"Hakuna kunong'onezana," akatangaza. "Hakuna kuangalizia."

Mzee Masanja alionja mchuzi wa sato, akafumba macho. Akaonja tena. Akaingiza mkono mfukoni na kumwaga kiganja kizima cha mahindi kwenye bakuli la bluu.

"Masanja!" Rula ikagonga benchi. "Rudisha mahindi."

"Nimempigia na mke wangu."

"Mke wako hajapasuliwa."

"Ng'ombe wangu, basi."

"Rudisha!"

Nilidhani mishono ya watu itafumuka. Mgonjwa mmoja aliomba atolewe verandani apumzike kucheka, halafu akaomba arudishwe asipitwe. Bi. Yustina alisimama karibu na mlango na daftari lake, ameuma kalamu, machozi yanamtoka.

Tulipohesabu, tulitegemea mshindi. Hapakuwa na mshindi. Mwalimu Koku mwenyewe aliukataa mchuzi wa samaki, akasema yeye si mtu wa kunywa samaki asubuhi, akachagua mtindi. Wengine waliutaka uji lakini usiwe na karanga. Mzee Masanja alisema mtindi asubuhi kwa sababu ni mfugaji, sato mchana kwa sababu ni mwanadamu, na uji siku ya mawingu. Na kijana mmoja wa bodaboda, aliyeondolewa sehemu ndogo tu, akaipigia kura vanila. Aliipenda, haikumdhuru, aliinywa taratibu kama soda. Tulipotaka kuiondoa alikaribia kulia. "Mnanionea," akasema. "Kwa sababu niko peke yangu."

Bi. Yustina akaliangalia daftari, akaliangalia benchi. "Basi kila mtu na chake," akasema. Kuanzia siku ile fomu yetu iliongezewa mstari juu ya ule wa "amemaliza": anapenda nini, na kikishuka anajisikiaje. Ule mstari mnaoulalamikia kwamba unawachelewesha ndio huo. Ujazeni.

Siku saba zile nilikuwa nakimbia kati ya jiko na wodi kama mhudumu wa hoteli. Nusu kikombe, pumzika, nusu kikombe. Mzee alikunywa. Hakutoka jasho. Siku ya tatu aliniomba niongeze ndimu, nikamuuliza Bi. Yustina, akakubali matone mawili, akayahesabu mwenyewe.

Siku ya kupima, Bi. Yustina alimpekua kama mlinzi wa uwanja wa ndege. Koti, vua. Kofia, vua. Viatu, mkanda, pochi. Suruali ikawa inaanguka, akafungwa shuka. Akapanda mizani ameshika shuka kwa mkono mmoja na heshima yake kwa mwingine. Mama Holo alikuwa amegeuka, hataki kuona. Muuguzi akasoma, akamshusha, akasafisha kioo cha mizani, akampandisha tena.

"Imeongezeka," akasema. "Si nyingi. Ila imeongezeka."

Daktari alikuja, akasoma mwenyewe, akasema dawa itaanza. Hapo ndipo niliona jambo ambalo hakuna aliyeniamini nilipolisimulia jikoni: Bi. Yustina aliruka. Aliruka juu, miguu yote miwili ikaacha sakafu, akatua, akarekebisha sare yake, akatoka kwenda kukagua stoo.

Siwafichi upande wa pili. Mwalimu Koku hakupona. Ugonjwa ulikuwa umeshasambaa, na miezi kadhaa baadaye alirudi wodini hawezi hata mtindi. Watoto wake, kwa mapenzi, walikuwa wanambembeleza na kikombe kila saa, naye anageuza uso. Bi. Yustina akawaita pembeni, akawaambia wamwache achague. Akachagua chai ya rangi yenye tangawizi. Niliipika mwenyewe, nikampelekea asubuhi. Akanywa funda moja, akanitazama juu ya miwani.

"Hii umeipima, baba?"

"Kiasi tu, mwalimu."

Akatabasamu, akanywa la pili. Alitutoka wiki ile. Namshukuru kwa ile rula, na kwa lile jibu lake la verandani, lililonifundisha kuliko semina zote nilizohudhuria.

Mzee Masanja alimaliza dawa zake. Zilimtesa, kucha zikawa nyeusi, lakini alimaliza. Mwaka huu, baada ya mavuno, Mama Holo alinitumia ujumbe wa simu kwamba mtu anayestaafu lazima aende Usagara. Nikaenda. Nilifika asubuhi, nikamwamkia mzee, tukakaa nje ya nyumba tukiangalia ng'ombe. Kabla sijauliza habari za shamba, Mama Holo akagonga sufuria kwa mwiko. Kutoka shambani, zizini na kisimani watu wakaja: watoto wake, wakwe, wachungaji, hata jirani. Kila mmoja akapewa bakuli dogo. Wakala, wakanawa, wakarudi kazini. Nikadhani ni kwa heshima yangu. Baada ya saa chache, sufuria tena. Wakaja tena.

"Mama, mnakula mara ngapi hapa?"

"Sita," akasema. "Daktari alimwandikia milo midogo sita. Nikawa nampikia peke yake. Akawa anakula anaona aibu, sisi tumekaa tunamtazama. Siku nyingine hamalizi, anasema hana hamu. Nikasema basi, tule wote. Tangu hapo anakula." Akajishika kiuno, akanionyesha wanawe kwa kidevu. "Ila tazama, yeye ndiye hana mfuko, na sisi ndio tumeota vitambi."

Nilitazama. Walikuwa wameota kweli. Mkwe mmoja alishindwa kufunga kifungo cha shati, akawa ameliacha wazi kama mtu wa likizo. Nilicheka hadi nikaegemea ukuta, na mzee akacheka pamoja nami, bila mto, bila kushika kitu chochote.

Ilipofika mlo wa tano, uji wa mtama na kipande cha sato, Mzee Masanja alikula taratibu, akitafuna kama alivyofundishwa. Kilibaki kipande kidogo. Akalisogeza bakuli kwangu.

"Malizia wewe," akasema. "Mimi nimeshiba."

Miaka yote ile wodini nimesikia "imetosha," nimesikia "siwezi," nimesikia "ondoa, tafadhali." Neno lile, likisemwa hivi, na mtu aliyejinyoosha kwenye kiti, mkono juu ya tumbo, sikuwa nimewahi kulisikia kutoka kwa mtu asiye na mfuko wa chakula.

"Umesemaje, mzee?"

"Nimeshiba!" Akalisema kwa sauti mpaka ng'ombe wakageuza vichwa.

Mama Holo akajibu kutoka jikoni, tayari ana mwiko mkononi: "Nani kashiba huko? Bado mlo wa sita!"